Choroko Sakafuni

Kayamba lilipasuka mtikiso wa tatu. Lilikuwa la boksi la sabuni ya unga, limekatwa, likakunjwa upya na kuzungushiwa selotepu mpaka likang'aa, na ndani mlikuwa na choroko. Mtikiso wa kwanza ulitoa sauti nzuri tu. Wa pili, selotepu ikaanza kuachia. Wa tatu, choroko zote zikamwagika sakafuni, zikaviringika hadi chini ya madawati ya nyuma, na darasa zima la Gredi ya 7 likaangua kile kicheko ambacho kila mwalimu wa watoto wa umri ule anakijua: kicheko cha mtu anayeshukuru kwamba yaliyomkuta mwenzake hayakumkuta yeye.

Kijana mwenyewe hakulia wala hakucheka. Alipiga magoti akaanza kuziokota moja moja na kuzitia mfukoni mwa shati. Nikamwambia aziache, zitafagiliwa.

"Siwezi, ticha," akasema bila kuinua kichwa. "Mama amezihesabu."

Juu ya meza yangu yalikuwapo makayamba mengine kumi na moja. Hayo yalikuwa ya matete hasa, yamefungwa uzi na mkono unaojua unachofanya, na yote yalifanana kama watoto wa tumbo moja. Darasa nilikuwa nimeligawa makundi kumi na mawili, na kazi yenyewe ilionekana nyepesi kwenye karatasi: tengenezeni ala ya muziki kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani au mtaani. Niliituma kwenye grupu ya wazazi ya WhatsApp Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi mzazi mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo ala yauzwa wapi na ni bei gani?" Kabla sijashika simu, mwingine alishamjibu kwamba kuna kijana yuwauza karibu na Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, na wakienda wengi atawapunguzia. Wakachanga. Walinunua kwa jumla.

Kundi la yule kijana lilimwachia yeye kazi, naye hakuwa na wa kumchangia.

Sasa nisikilizeni nilichofanya mimi, mwalimu mwenye cheti. Nilitoa fomu ya tathmini, ile yenye ngazi nne. Makayamba kumi na moja nikayaandikia "Kuzidisha Matarajio". La choroko nikaliandikia "Mbali na Matarajio". Nikatia sahihi, nikatia tarehe, nikaenda kunywa chai. Ilinichukua karibu wiki mbili kugundua kwamba katika darasa lile zima ni mtoto mmoja tu aliyetengeneza kitu, na ndiye niliyemfelisha.

Nataka kuandika kuhusu hilo, kwa sababu tangu siku ile nimekuwa nikiulizwa, na nikijiuliza, sanaa ina kazi gani shuleni. Naandika nikiwa mwalimu wa Kiswahili ambaye ratiba ilimtupia Sanaa Bunifu na Michezo. Katika sekondari ya chini tuna masomo tisa na walimu wa kuhesabika kwa vidole, kwa hiyo anayeonekana mchangamfu kidogo ndiye anayepewa ngoma na mpira.

*

Mimi ni zao la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu wa Kenya: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu. Siku hizi mfumo ule ukitajwa watu hukumbuka fimbo na kukariri, wakasahau kwamba ulipoanza 1985 ulikuja na ahadi kubwa ya kazi za mikono. Tulikuwa na sanaa na ufundi, muziki, sayansi kimu, kilimo. Wazazi walichangishwa wajenge karakana. Ya shuleni kwetu ilifika kwenye lenta, ikasimama hapo, na mbuzi wa bawabu wakaipata kivuli kizuri.

Nilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, katikati ya miaka ya 1990. Sanaa na ufundi ilikuwa inatahiniwa, na muziki pia. Inatahiniwa vipi? Kwa maswali ya kuchagua: A, B, C au D. Ukiulizwa juu ya kutia kitambaa rangi au kusuka kikapu, unatafuta jibu, kisha unachukua penseli ya HB na kujaza kijisanduku polepole usije ukatoka nje ya mstari. Nakumbuka nilijaza visanduku vyangu kwa ustadi mkubwa. Hicho ndicho kitu pekee nilichochora katika mtihani wa sanaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani, na kilichofuata kila mtu alikijua kabla hakijafuata. Kipindi cha sanaa kilibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini anayeingia ni mwalimu wa hesabu. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi niliiba vipindi hivyo nikavifanyia Kiswahili, tena bila haya. Mtaala wa umilisi ulipoanza kote nchini 2019 na sanaa ikarudi, sisi tuliotakiwa kuifundisha ndio wale wale tuliofundishwa kujaza kisanduku.

*

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa bandarini asubuhi na mshona kofia alasiri. Akisharudi kutoka Kilindini, akiswali, anatandika mkeka barazani kwetu Kibokoni na kutoa kikopo cha biskuti kilichojaa uzi, sindano, mkasi mdogo na kofia iliyo nusu njia. Kofia za vito hizo, zile zenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Nakshi alichorewa kwa penseli na bibi mmoja jirani ambaye hakuwahi kurudia mchoro. Kofia moja ilimchukua babu miezi miwili, wakati mwingine mitatu, na alizishona huku akizungumza siasa, mpira na nani kaoa wapi.

Nilipokuwa na miaka saba hivi nilimwomba anifundishe. Hakuniambia mimi msichana, wala hakuniambia nisubiri nikue. Alikata kipande cha bafta ukubwa wa kiganja, akanipa sindano.

"Hiki ni cha kuharibu," akasema.

Nikakiharibu. Nilikitoboa mpaka kikawa chandarua. Akakitazama, akakigeuza upande wa pili, akanionyesha kwamba tundu langu moja, moja tu, lilikuwa limekaza vizuri, kisha akakata kipande kingine. "Na hiki pia cha kuharibu." Sijui niliharibu vingapi. Sikuwa mshona kofia mwishowe, wala yeye hakuwa na haja hiyo. Lakini mpaka leo nikiona kofia ya vito kichwani mwa mtu ndani ya matatu najua kama aliyeishona alikuwa na haraka.

Neno hilo, kitambaa cha kuharibu, ndilo lililonirudia zile wiki mbili baada ya choroko. Ukiangalia vizuri, kila mahali mji huu ulipofundisha sanaa, palikuwa na kitu cha kuharibu. Zamani kwenye chuo cha Kurani mtoto aliandika juu ya ubao wa mti. Akikosea unaoshwa, ukikauka yuwaandika tena. Anayejifunza dufu hujipigia pembeni wiki nzima kabla hajaingizwa safuni, na kwenye zefe ya Maulidi wadogo hutembea nyuma wakipiga hovyo na hakuna anayewasema. Msichana anayejifunza kupaka hina huanzia mkononi mwa mdogo wake, ambaye hatapiga kelele akipakwa ua lililopinda.

Shuleni hakuna kitambaa cha kuharibu. Mtoto akigusa kitu mara ya kwanza, mara hiyo hiyo anaandikiwa ngazi, na ngazi hiyo inakwenda kwenye tovuti ya baraza la mitihani. Tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 zinachangia asilimia 20 ya alama zake za mwisho wa Gredi ya 9. Basi mzazi mwenye akili timamu atafanya nini? Atanunua kayamba. Nilikuwa nikiwalaumu wazazi kwa uvivu, nikawacheka kwenye chumba cha walimu, na kumbe wao walikuwa wamesoma fomu yangu vizuri kuliko mimi. Fomu haikuuliza mtoto amejifunza nini. Iliuliza kayamba liko wapi.

*

Kuna Mwingereza aliyeitwa Ken Robinson ambaye mwaka 2006 alisimama jukwaani huko California akauliza kama shule zinaua ubunifu. Hotuba yake imezunguka dunia nzima, na bila shaka imeshapita kwenye simu yako. Alikuwa mcheshi, na mengi aliyosema ni kweli. Alisema mtoto asiyekuwa tayari kukosea hawezi kuzua kitu kipya, na hapo ningempa mkono. Lakini kila nikimsikiliza nikiwa hapa Mombasa nahisi habari yetu ina mkunjo mwingine. Shule zetu hazikuua ubunifu wa mji huu, kwa sababu hazikuwahi kukutana nao. Vilikaa mitaa miwili tofauti, na mtoto akawa anavuka kati yake kila siku saa tisa na nusu.

Chukua ushairi, ambao ndio kazi yangu hasa. Muyaka bin Haji aliishi mjini humu kati ya 1776 na 1840. Tungo zake zilizagaa midomoni mwa watu kabla ya kuandikwa. Ni Mwalimu Sikujua aliyezikusanya, naye mmishonari William Taylor akazihifadhi. Watu walijibizana kwa mashairi juu ya vita, bei, mapenzi na madeni. Mji huu huu, baadaye, umetoa Ahmad Nassir na Abdilatif Abdalla. Sasa njoo darasani kwangu. Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na sita. Nimefundisha mizani, vina, ukwapi na utao, kibwagizo, tarbia na takhmisa. Wanafunzi wangu wanaweza kulipasua shairi kama daktari wa maiti: beti ngapi, mishororo mingapi, bahari gani, toa sababu. Na katika miaka hiyo kumi na sita, mpaka juzi, sikuwahi kumwambia hata mmoja: haya, tunga. Mtihani mara nyingi huuliza juu ya shairi la mtu mwingine. Mimi nikafuata mtihani.

Mtu ataniambia mbona tuna tamasha. Ni kweli, na sitaki kuwa mnyimivu wa fadhila. Tamasha la Muziki la Kenya lina umri mkubwa, limeanza 1927, na lile la drama limewatoa waigizaji wengi tunaowatazama leo. Mimi mwenyewe niliwahi kughani shairi mbele ya waamuzi nikiwa na leso mbili, yaani kanga, na wanja wa kukopa, na ile saa sitaisahau. Lakini tulikuwa wanafunzi thelathini katika shule ya watoto mia nane. Tulifanya shairi moja, hilo hilo, kuanzia Januari, neno halibadiliki, shingo inageuka wakati mmoja. Tuliporudi na cheti, mavazi yakafungiwa stoo. Wale mia saba na sabini walipiga makofi.

*

Kila mwaka tunawapeleka watoto Fort Jesus. Ni karibu, ni rahisi, na wanajua kwamba itakuja kwenye mtihani: Wareno, 1593 hadi 1596. Wanahesabu mizinga, wanapiga picha baharini, wanakula chipsi, tunarudi.

Safari ya mwisho nilisimama kwa muda mrefu mbele ya kitu ambacho huwa tunakipita haraka. Ni kipande cha ukuta wenye michoro ya Wareno, ya makaa meusi na udongo mwekundu: majahazi, watu, maumbo yaliyorundikana pasipo mpango. Si kazi ya mchoraji wa mfalme. Ni ya wanaume waliokuwa zamu, mbali na kwao, joto limewakalia, hawana la kufanya, wakachafua ukuta. Karne nne baadaye tumewatilia michoro yao ulinzi na maelezo. Nilikuwa nimeshika mkononi orodha ya majina, na juu yake nilikuwa nimeandika, kwa kalamu nyekundu, jina la msichana wa kumwita mzazi wake kwa kosa la kuchora meli kwenye dawati.

Nililifuta jina lile. Dawati nikamwambia alisugue, maana dawati ni la serikali, lakini nikampa karatasi za nyuma ya mitihani ya zamani na kumwambia meli zote azihamishie huko. Amejaza rundo. Yuwaishi Likoni, na meli zinazoingia bandarini zinapita mbele ya macho yake akiwa ndani ya feri. Anajua kreni ziko wapi, anajua meli iliyopakia inavyozama zaidi ya tupu. Hakuna aliyemfundisha.

*

Katika 2025, kabla ya kundi la kwanza la Gredi ya 9 kuchagua mikondo ya sekondari ya juu, tuliwaita wazazi. Mikondo ni mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Wizara ilikuwa imekadiria kwamba wanafunzi asilimia 60 wataingia mkondo wa kwanza na 15 ule wa sanaa. Nilisimama nikaeleza kwa sauti tamu kwamba sanaa ni kazi kama kazi nyingine. Mzee mmoja wa nyuma, mfanyakazi wa bandarini kwa fulana yake, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Mimi sikumleta mtoto shule aje apige ngoma. Ngoma kwetu ziko."

Watu walicheka, wakagongana mabega. Nami nikajibu majibu ya mwalimu, mcheza kwao hutunzwa na kadhalika. Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo maneno yake yaliponikaa sawasawa. Ngoma kwao ziko. Hakusema ngoma ni upuuzi. Alisema anayo tayari, na ya kwake ni nzuri kuliko ya kwangu, basi nimpe mtoto kile ambacho yeye hana. Mtu aliyekulia kwenye ngoma ya kweli, akiona kayamba la kununuliwa lililopewa alama ya juu, ataiheshimuje shule?

Sidhani kwamba kila mtoto aende mkondo wa sanaa. Wangu mwenyewe akiniambia anataka uhandisi nitafurahi na kuficha furaha yangu. Ninachobishania ni vile vipindi vitano vya wiki, dakika 40 kila kimoja, ambavyo mtoto yeyote, hata mhandisi mtarajiwa, anavyo kwa haki yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiviharibu, tena si kwa maana ya babu.

*

Basi nikaanza na leso, kwa sababu leso kila nyumba inazo na hakuna wa kuniambia hana vifaa. Niliwaambia walete moja ya mama au ya nyanya, na ikirudi na doa nitajibu mimi. Tulizitandaza juu ya madawati. Tukatafuta pindo la pembeni, tukatafuta mji, ile sehemu ya kati, tukasoma jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Niliwaeleza kwamba pale Mtaa wa Biashara kuna duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, wale wa "Mali ya Abdulla", linalouza leso tangu 1887, na kwamba neno lenyewe twalisema limetoka kwa Wareno, ambao kitambaa cha mkononi kwao ni lenço. Hayo waliyasikiliza kwa adabu. Kilichowaamsha ni majina. Msichana mmoja alisoma jina la leso ya mama yake kwa sauti, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe alikuwa amwambia shangazi."

Tulikata viazi, tukachonga maumbo, tukachovya kwenye rangi na kugonga. Kanuni yangu ilikuwa moja: magazeti matatu ya kwanza ni ya kuharibu, na hayahesabiwi. Haikuwa kama mnavyofikiri. Watoto waliganda. Mmoja aliniuliza mara mbili, "Hayahesabiwi kabisa?" kama mtu aliyeambiwa nauli leo ni bure. Gazeti la kwanza waligonga kwa woga, pembeni pembeni. La pili viazi vikaanza kuruka. Mwalimu mkuu alipopita dirishani aliona mikono ya buluu, meza za buluu na mvulana mwenye sikio la buluu, akaniita nje akaniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo sanaa au ni ajali. Nikamwambia mpaka sasa ni ajali.

Kisha ikaja kazi ya jina. Kila mmoja atunge jina la leso yake. Wengine waliandika methali za kitabuni, nikazirudisha. Msichana wa meli, yule wa Likoni, alikaa kimya kipindi kizima akitafuna kalamu, na kengele ilipolia akaniletea karatasi:

*Foleni ya feri haina tajiri.*

Nilihesabu kimoyomoyo, mazoea ni mazoea. Fo-le-ni-ya-fe-ri, sita. Ha-i-na-ta-ji-ri, sita. Na vina juu. Sikuwa nimemtajia mizani hata mara moja mwezi ule. Rafiki yake aliyesimama nyuma yake hakuridhika. "Jina la leso lazima limchome mtu," akasema. "Hii yamchoma nani?" Mwenye leso akafikiri. "Yamchoma mwenye gari aliyezima injini yuwangoja kama sisi." Wakaondoka wakibishana kama mwanamke anaweza kuvaa leso ya kumchoma mtu asiyemjua. Hilo ni swali la fasihi, kama mnataka kujua, na sijawahi kuliona kwenye mtihani.

*

Kayamba lilikuwa bado lanisumbua. Siku moja nilimwendea yule kijana wa karibu na Fort Jesus nikamuuliza nani huyatengeneza. Akanielekeza kwa mzee mmoja wa Kisauni, Mgiriama, nikamfuata Jumapili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wataka mangapi?"

Nilimwambia sitaki makayamba, namtaka yeye aje shuleni asubuhi moja. Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. Kisha akasema, bila ukali, kwamba asubuhi yake moja ni makayamba mawili, na je, nani atayanunua? Nilirudi nikauliza ofisini. Kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya chini serikali imepanga shilingi 15,042 kwa mwaka, lakini nilielezwa hakuna fungu la kumlipa mzee asiye na stakabadhi. Kitabu chenye picha ya kayamba kinaweza kununuliwa. Mwenye kayamba hawezi kulipwa. Nikatoa mfukoni mwangu, na kwa hiyo, wazazi wa grupu, nikiri hapa: na mimi nilinunua makayamba.

Alikuja na mzigo wa matete begani, uzi, na kitambaa kilichofungwa fundo. Aliketi chini, akakataa kiti. Alipanga matete ubavu kwa ubavu, akayafunga moja moja kwenye kijiti, akapindua, akaanza upande wa pili, na darasa lililokuwa halinyamazi kwa Kiswahili wala kwa dini likanyamaza. Baada ya muda aliwagawia matete nao wajaribu. Mengi yalipasuka. Hakusema kitu, aliwapa mengine.

Kisha akachukua moja ya yale kumi na moja ya mezani, akampa msichana wa mbele. "Haya, piga." Msichana akalitikisa juu chini, kwa nguvu, kama chupa ya dawa. Mzee akafumba macho.

"Nani amewafundisha hivi?"

Watoto arobaini na tisa waligeuka wakanitazama mimi.

Akalishika yeye kwa mikono miwili, bapa, kama sinia ya chai. Halitikiswi, alisema, hulazwa. Akalilaza kulia, mbegu zikatiririka. Akalilaza kushoto, zikarudi. Vidole gumba vikawa vinagonga juu ya matete katikati ya hizo sauti mbili. Ile sauti siwezi kuiandika. Ni kama mvua inayokuja kutoka upande wa Nyali ikiwa bado haijavuka daraja.

Yule kijana wa choroko alikuwa amekaa karibu na ukuta. Sikumwita. Alijitokeza mwenyewe, akatoa kwenye begi lile boksi lake la sabuni, limeshonwa upya kwa uzi wa gunia, limebonyea kila upande. Sikujua kwamba bado analo. Mzee alilichukua, akalilaza kulia, akalilaza kushoto, akalitia sikioni. Akasema choroko ni nzito lakini boksi laimba. Kilichokuwa na makosa ni kutikiswa. Nami nilikuwa nimesimama kando ya kabati lenye fomu, na alama za muhula zilikuwa zimeshapelekwa.

Mzee akafungua fundo la kitambaa. Ndani mlikuwa na mbegu za mturituri, nyekundu zenye jicho jeusi, zinang'aa kama shanga. Mikono ikanyooka kutoka kila upande na yeye akazifunika mbegu haraka kwa kiganja. Hizi si za kuchezea, akasema, na asithubutu mtu kuzitia mdomoni, ni sumu. Alizihesabu mwenyewe, akalifumua boksi upande mmoja, akamwaga choroko kwenye kiganja cha kijana, akatia mbegu zake na kulishona mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

Kijana akazitia choroko mfukoni. Akalilaza boksi kulia, kisha kushoto.

"Afadhali hizi," akasema. "Mama hatazihesabu."